Ndege Isiyoamka Asubuhi, na Mwanangu Anayebeba Lawama

Mwamvua binti Masoud (Mama Tausi),
Chumbageni, Tanga.
Ijumaa, baada ya swala.

Kwa Bwana Rafaeli,
Mkuu wa Mafundi,
Karakana ya ndege ndogo, uwanjani.

Ndugu Mkuu wa Mafundi,

Salamu nyingi zikukute hapo kazini, zikufuate mpaka nyumbani kwa Mama Ruthi. Mimi ni mama yake Tausi, yule fundi mwanafunzi wako. Tumeonana mara moja tu, ile Idi niliyoleta sahani, ukasema visheti vyangu vinamfanya mtu asahau kurudi kwao Lushoto. Neno hilo sijalisahau, ndiyo maana leo naandika kwa utulivu.

Hapa kwetu hatujambo. Mume wangu Mzee Idarusi hajambo, anakusalimu; miguu imepoa, ila kila alfajiri anagombana na kufuli ya mlango wa uani kabla ya kwenda msikitini. Mama mkwe wangu Bi Mwanahamisi hajambo, anakusalimu, na anauliza kama ni kweli ndani ya ndege zenu hakuna choo. Binti yangu mdogo Samiha hajambo, anakusalimu. Mwanawe Rahimu ameota meno mawili, naye anakusalimu kwa namna yake. Kipupwe cha mwaka huu kimetukamata sisi watu wa pwani, mafuta ya nazi ya kumpaka mtoto yanaganda chupani kama samli, mpaka tuyaanike juani ndipo yamiminike. Cherehani yangu nzima. Kuku wote wazima. Aliyebaki ni Tausi, na Tausi ndiye hajambo ya mdomoni tu.

Bwana Rafaeli, mimi niliishia darasa la nne. Mwandiko ni wangu, na ukikuta neno limepinda lisome lilivyokusudiwa. Umeme siujui. Lakini habari za ndege yenu nimezisikia mkekani siku kumi na mbili mfululizo, asubuhi, mchana na jioni, sasa nazijua kuliko nilivyotaka.

Nitaieleza kwa kifupi, maana nakala za barua hii zinakwenda kwa watu wengine ambao hawajui. Mna ndege ndogo ya abiria watano, mmeiandika ubavuni jina Membe. Safari yake ni saa moja asubuhi. Kwa siku kumi na mbili, rubani Anold akizungusha ufunguo asubuhi, ndege inakaa kimya. Haikohoi. Haisemi hata "tik". Mchana ikizungushwa, inanguruma kama haijawahi kuwa na neno na mtu. Kesho asubuhi, kimya. Na lawama yote amebebeshwa Tausi, kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote na ndiye wa mwisho kushika waya zake.

Malalamiko yangu ni haya.

1. La kwanza ni chakula. Mwanangu hali. Jumanne nilipika muhogo wa nazi na kamba. Akachukua vipande viwili vya muhogo akavipanga sahanini. Hiki, mama, ni betri. Hiki ni stata, inayosukuma injini iamke. Katikati akaweka kamba mmoja, akasema huyu ni rilei. Mimi nakiita kidude, kwa sababu nimekiona, kama kikopo cha maziwa ya watoto, kina vichwa viwili vya shaba na kitundu ubavuni. Rubani akizungusha ufunguo, chuma cha ndani ya kidude kinaruka, kinaunganisha njia, moto unapita kutoka betri kwenda stata. "Kisiporuka, mama, moto wote unabaki upande wa betri, kama watu waliofika Pangani wakakuta pantoni imelala ng'ambo." Nikaelewa vizuri sana. Kisha akala betri, akala stata, kamba akamwacha. Mwanangu hajaacha kamba sahanini tangu aote meno.

2. Kuna jambo la betri. Siku ya kwanza mlisema ni betri. Mkaleta betri mpya kutoka Dar es Salaam, ikafika mchana, mkaifunga mchana, mkapiga stata mchana, ndege ikawaka, mkapiga makofi. Tausi akarudi anaimba. Asubuhi, kimya. Mkasema ni ufunguo. Ufunguo mpya ukafika mchana, ukafungwa mchana, makofi. Asubuhi, kimya. Mkaifungua stata yenyewe ikapelekwa Dar, ikarudi na karatasi kwamba haina ugonjwa. Makofi. Kimya. Mimi ni mshonaji, Bwana Rafaeli. Mteja akiniambia gauni linambana akikaa, simpimi akiwa amesimama. Sisemi zaidi.

3. Sasa hicho kidude. Hapa nitasema jambo litakalokufurahisha, maana mimi si mtu wa kuonea. Tausi amekwambia mara tatu kwamba anashuku kidude. Wewe ukamjibu mara tatu kwamba kidude kimekaguliwa, kina karatasi, na karatasi ina saini, na saini ni yako. Kilikaguliwa saa nane mchana, kikaruka kama panzi. Katika hili nakuunga mkono wewe, namkatalia mwanangu wa kumzaa. Kidude hakina kosa. Kilisafishwa hapa uani kwangu. Ijumaa ile umeme ulipokatika karakanani, wewe mwenyewe ulimruhusu aje nacho nyumbani kufuta kutu ya chumvi kwenye vile vichwa vya shaba, na nakumbuka alivyokifuta, kwa kitambaa kikavu, taratibu, kama anamfuta mtoto masikio. Kililala juu ya meza ya cherehani, katika nyumba safi. Mkono wa mgeni haukukigusa. Mimi ni shahidi.

4. Bwana Anold. Huyu kijana sina ugomvi naye, anavaa vizuri. Lakini Jumatano, mbele ya abiria wanne na mzungu mmoja, alishuka kwenye ndege akasema kwa sauti, "Tangu binti wa cherehani aingize mkono humu, ndege imepata uvivu wa kipwani." Abiria wakacheka. Mzungu akaomba atafsiriwe, akacheka peke yake baadaye. Tausi akaendelea kukunja waya. Sasa naomba kuuliza kwa adabu. Uvivu wa kipwani ni upi? Mimi naamka kabla ya adhana. Tausi saa kumi na moja yuko njiani na baiskeli. Anayefika saa moja kasorobo akiwa na kikombe cha kahawa mkononi anatoka wapi? Nimeambiwa anatoka bara. Lakini mimi sijasema neno juu ya bara.

5. Barua ya onyo. Tausi amepewa barua ya onyo kwa "kusababisha hitilafu isiyojulikana". Nimeisoma mara nne. Kama hitilafu haijulikani, aliyeisababisha amejulikanaje? Na zaidi ya hapo, Bwana Rafaeli, aliyekataa kuwaka ni ndege. Tausi kila asubuhi anawaka. Ndege haijapewa barua. Betri ile ya zamani, iliyofukuzwa bila kosa, haijaombwa radhi. Naomba kama ni onyo basi haki iende sawa. Ndege iandikiwe, isomewe mbele ya mafundi wote, na ikishindwa kujieleza ikae nje ya kazi siku saba, bila kuoshwa.

6. Hili la sita ndilo lililonitia kalamu mkononi, mengine nimeyaweka ili lisije peke yake. Tausi ana kitabu chake cha kazi. Miaka miwili na nusu ameandika humo kila msumari aliokaza. Ili aruhusiwe kufanya mtihani wa leseni ya ufundi, ukurasa wa mwisho unataka saini yako. Fomu za mtihani zinafungwa Jumatano ijayo. Wewe umemwambia hutatia saini mpaka Membe iwake asubuhi. Jumatano ikipita, mtihani mwingine ni mwakani, na mwakani tajiri wenu ameshasema hahitaji mwanafunzi. Mtoto huyu, Bwana Rafaeli, akiwa darasa la tano alifungua redio ya baba yake akaifunga, ikabaki skrubu moja mkononi, na redio ikaimba vizuri zaidi. Ile skrubu ninayo. Sitaki arudi kukaa na mimi kwenye cherehani. Sisemi cherehani ni mbaya, imemsomesha. Nasema imeshamaliza kazi yake kwake.

Baada ya malalamiko, yanafuata maombi. Nimeyafikiria sana nikishona, na naamini yanatekelezeka.

7. Kwa kuwa ndege inawaka mchana na haiwaki asubuhi, naomba isilazimishwe. Hata binadamu wako wa namna hiyo, tunao hapa mtaani na wengine wana vyeo. Safari ya saa moja asubuhi ihamishiwe saa saba mchana. Abiria waambiwe kwamba katika karakana yenu asubuhi inaanza baada ya adhuhuri. Wageni wanapenda kuambiwa mila za mahali.

8. Kama tajiri atakataa, basi ndege itafutiwe kazi isiyohitaji asubuhi. Inaweza kupeleka watu kwenye arusi. Inaweza kukaa hapo uwanjani ikatazamwa. Watoto wa shule watakuja, mwalimu atawaonyesha hili ni bawa, huu ni mkia, na huyu ni rubani Anold.

9. Na kama hayo yote hayawezekani, basi twende kwenye haki kamili. Msimwonee mmoja. Kila mkono uliogusa umeme wa ndege hiyo ukae nyumbani mpaka mwenye kosa apatikane, kuanzia wa mwanafunzi mpaka wa mkuu. Ndege iangaliwe na watu ambao hawajaigusa kabisa. Mzee Idarusi amejitolea, na anaahidi kutogusa kitu.

10. Na huyo mwenye kosa akipatikana, nakuomba usimhurumie. Nasema kama mama. Aje karakanani mchana kweupe, asimame mbele ya mafundi wote, aombe radhi kwa Tausi kwa jina lake, aombe radhi kwa ile betri ya zamani, kisha awapikie pilau karakana nzima kwa mikono yake, pamoja na kachumbari. Asitume mtu. Tena awe wa kwanza kusema mwenyewe kwamba saini ya Tausi itiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mtoto wa watu hakuwa na kosa.

Naamini utalipokea hili kwa moyo ule uliopokea visheti. Mimi sina ugomvi na mtu.

Msalimie sana Mama Ruthi, mwambie lile gauni la ubatizo nimelikata, aje kulijaribu akiwa amekaa. Msalimie Ruthi. Wasalimie mafundi wote, hata wale waliopiga makofi. Msalimie Bwana Anold. Hapa kwangu Mzee Idarusi, Bi Mwanahamisi, Samiha na Rahimu wanarudia salamu zao.

Mimi, mwenye kusubiri saini,
Mwamvua binti Masoud, Mama Tausi.

Nakala:
Mwenyekiti wa mtaa.
Tajiri wa ndege.
Mhariri wa gazeti lolote litakalokubali.

Baada ya barua: Leo ni Jumamosi, saa mbili asubuhi. Bwana Rafaeli, tafadhali kaa kwanza. Kama una chai, inywe.

Barua niliifunga jana. Leo alfajiri Mzee Idarusi alishindwa kabisa kufungua kufuli ya uani, akakosa rakaa ya kwanza, akarudi akaniuliza kwa upole ambao kwake ni hasira, "Mama Tausi, kufuli hii inafunguka mchana na kukataa asubuhi. Umeitia nini?" Nikamwambia nimeitia nini, nimeitia mafuta ya nazi wiki mbili zilizopita ilipokuwa inalia, mafuta ya cherehani yalikuwa yamekwisha. Mimi kila kinacholia hukitia mafuta ya nazi, mama yangu alinifundisha hivyo, bawaba, kufuli, hata miguu ya Bi Mwanahamisi. Nikaenda kuchukua chupa nimwonyeshe. Nikaipindua. Hayakumiminika. Meupe, yameganda.

Nikabaki na chupa kichwa chini, nimesimama uani.

Ijumaa ile, Bwana Rafaeli, kabla ndege haijaanza kugoma, Tausi alipokwisha kukifuta kidude aliingia kuoga. Mimi nilikuwa mezani nashona. Nikakiinua niondoe kitambaa chini yake, nikasikia chuma cha ndani kinakwaruza. Kikavu. Kilinitia huruma. Na kina kitundu ubavuni, nimekwambia. Nikasema bismillahi.

Niliandika hapo juu kwamba mkono wa mgeni haukukigusa. Ni kweli. Mimi si mgeni.

Nimemwambia Tausi sasa hivi, maana Jumamosi huingia kazini saa tatu. Alinitazama, akaitazama ile chupa niliyoiweka juani, pembeni imeanza kuyeyuka. Hakupiga kelele. Akaniuliza, "Matone mangapi, mama?" Nikasema matatu. Akasema, "Matatu?" Nikasema labda saba. Akakaa kwenye kizingiti akajifunika uso na mtandio, mabega yakawa yanamtikisika. Nikajua nimemliza. Nilipomfunua alikuwa anacheka, anashindwa kupumua. Kisha akasema, "Nilijua ni kile." Mara tatu. Na kweli alikwambia mara tatu, na mimi nikakuunga mkono wewe. Naomba kuondoa mkono wangu kwako katika lalamiko la tatu.

Tausi anasema mkijaribu kesho, mjaribu asubuhi, kabla jua halijaipata ndege. Kidude kikigoma, mkifungue, mkianike juani, mkirudishe, mpige stata hapo hapo. Msikiamini kikipona. Anasema kinatakiwa kipya, na kile cha zamani kiwekwe mahali kila fundi akione. Ameyasema yeye, mimi nimeandika tu.

Nakala za tajiri na mhariri hazikutoka hapa, nimewashia jiko. Ya mwenyekiti wa mtaa Samiha aliipeleka jana, naye ameshakuja kunipa pole, akaahidi kumsaka mwenye kosa mpaka apatikane. Nimemwambia asihangaike sana.

Betri ya zamani ipo wapi? Nitaanza na hiyo.

Barua hii anakuletea Tausi mwenyewe, amesimama mlangoni na baiskeli, na kitabu chake cha kazi kimo mkobani. Ukurasa ni wa mwisho. Kalamu nimemwekea mbili, moja ikikataa asubuhi.

Nijibu haraka, hata kwa mstari mmoja, kabla sijaenda sokoni: karakanani mpo wangapi, na Bwana Anold anakula pilipili?